Zafarani ya Eastleigh: Kipimo Kiwekwe Wapi?

Katika maduka ya viungo ya Eastleigh, jijini Nairobi, zafarani huuzwa kwa sura mbili. Kuna nyuzi nyekundu zilizolazwa ndani ya kisanduku kidogo cha plastiki, gramu moja au mbili, kwa bei inayotosha kununua kilo kadhaa za unga wa ugali. Kuna pia unga wa rangi ya machungwa unaouzwa kwa pakiti za shilingi chache, na huo ndio unaotia rangi biriani nyingi za arusi na za mikahawa kuanzia Majengo ya Pumwani hadi Kayole. Vyote viwili huagizwa kwa jina moja. Kati yake kuna pengo kubwa la bei, na palipo na pengo kama hilo hapakosi mtu wa kulijaza kwa nyuzi zilizotiwa rangi, kwa maua mengine yaliyokaushwa, au kwa zafarani halisi iliyoongezewa uzito. Wanasayansi wamelishughulikia tatizo hili kwa miaka mingi, na upande wa maabara wamefika mbali. Ninachodai hapa ni kwamba kwa mkazi wa Eastlands ubora wa mashine si swali la kwanza. Swali la kwanza ni mahali mashine inapowekwa katika safari ya bidhaa, kwa kuwa cheti hutolewa kwa mzigo uliofungwa, na zafarani huliwa baada ya mzigo kufunguliwa, kugawanywa na kufungwa upya.

Tuanze na mmea wenyewe, maana hila zote zinatokana na maumbile yake. Zafarani ni Crocus sativus, ua la zambarau lenye nyuzi tatu nyekundu katikati, ambazo ni sehemu ya kike inayopokea chavua. Maua huchumwa kwa mkono, nyuzi zikanyofolewa moja moja na kukaushwa, na kilo moja ya nyuzi kavu huhitaji maua yapatayo 150,000. Iran pekee hutoa takribani asilimia 90 ya zafarani yote duniani. Ni viungo vichache mno vinavyobeba thamani kubwa namna hii katika uzito mdogo namna hii, na udanganyifu umekiandama kiungo hiki tangu zamani. Mji wa Nuremberg, Ujerumani, ulikuwa na sheria maalumu ya ukaguzi wa zafarani, na mwaka 1444 mfanyabiashara Jobst Findeker alichomwa moto pamoja na zafarani yake iliyochanganywa. Ukali ule haukuumaliza mchezo. Mwaka 2021 kituo cha pamoja cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilitangaza matokeo ya uchunguzi wa sampuli 1,885 za viungo na majani makavu ya kupikia. Asilimia 11 ya zafarani ilitiliwa shaka, na oregano, ambayo si ghali hata kidogo ukiilinganisha, ilifika asilimia 48. Yaani hata katika masoko yenye maabara nyingi na sheria kali, takribani sampuli moja kati ya kila tisa za zafarani ilitiliwa shaka kwamba haikuwa kile kilichoandikwa. Nairobi haina sababu ya kujidhania kuwa salama zaidi.

Njia ya kikemia ndiyo iliyotangulia, na ndiyo inayotumika zaidi katika biashara. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3632 huagiza zafarani isagwe, ilowekwe majini, kisha mwanga upitishwe katika maji hayo kwa spektrofotomita. Hutafutwa vitu vitatu: krosini, inayotoa rangi, hupimwa kwenye nanomita 440, pikrokrosini, inayotoa ule uchungu wa mbali, kwenye 257, na safranali, inayobeba harufu, kwenye 330. Nguvu ya rangi ikifika 200 zafarani huwa ya daraja la kwanza, ikifika 170 ni ya pili, na 120 ya tatu. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mashine yake hupatikana katika maabara nyingi za vyuo vikuu na majibu hutoka siku ile ile. Udhaifu wake ni kwamba huonyesha mwanga kiasi gani umemezwa bila kusema ni kitu gani kilichoumeza. Utafiti umeonyesha kwamba safulawa, ua la jamii ya alizeti, pamoja na kalendula na manjano, vikitiwa kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20, vinaweza kupita katika kipimo hiki bila kushtukiwa. Gardenia ni hatari zaidi, kwa kuwa tunda lake lina krosini ile ile ya zafarani, hivyo mwenye kuitia huongeza alama zake badala ya kuzipunguza. Hapo ndipo kromatografia huhitajika. Hiyo hutenganisha kemikali kila moja kwa zamu yake, na ikijitokeza geniposidi, ambayo gardenia inayo na zafarani haina, hila imefichuka. Kromatografia huona pia tatrazini, rangi za Sudan na jamaa zake. Lakini inahitaji mtaalamu, kemikali za kulinganishia na mashine ghali, na haiwezi kufanyiwa kila kisanduku. Tena kuna suala la haki ambalo watetezi wa kipimo hulipita haraka. Krosini hupungua kwa mwanga, joto na umri, kwa hiyo nyuzi halisi zilizokaa miezi kwenye kabati la kioo zikipigwa jua zitaanguka daraja ingawa hakuna aliyezichezea. Namba ya krosini peke yake haitenganishi mzembe na mwizi.

Ndiyo maana wengi walipokea kwa furaha habari za vinasaba. DNA ya mmea haipungui daraja kwa sababu ya jua la dirishani. Ikiwepo ya kutosha kusomwa, hutaja jina la mmea. Kwa kutumia PCR, mbinu ambayo Wakenya wengi waliisikia kwa mara ya kwanza wakati wa korona, maabara hunakili vipande maalumu vya vinasaba na kuona kama ndani ya nyuzi kuna safulawa, kalendula, manjano au ndevu za mahindi zilizotiwa rangi. Alama hizo zinaweza kugundua mchanganyiko mdogo wa hata asilimia moja, kiasi ambacho spektrofotomita haina habari nacho. Kwa macho ya mwanasheria huu ni ushahidi mtamu: swali ni mmea gani, na jibu ni jina.

Hata hivyo, DNA ina sehemu zake za upofu, na kwa zafarani sehemu hizo zimekaa pale pale wajanja wanapopapenda. Zafarani ni mmea tasa. Ina kromosomu 24 katika seti tatu za nane nane, haitoi mbegu, na kwa maelfu ya miaka imezalishwa kwa kugawa matunguu yake. Tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2019 ziliufuatilia ukoo wake hadi Crocus cartwrightianus, ua la mwituni la eneo la Attica, Ugiriki. Matokeo ya utasa huo ni kwamba mashamba ya Iran, Hispania na Kashmir yamejaa ndugu wanaofanana mno, na DNA peke yake haiwezi kutegemewa kutaja nchi. Rangi ya kiwandani, kwa upande wake, haina vinasaba kabisa. Na hila iliyozoeleka kuliko zote, ya kuacha vikonyo vyeupe na vya manjano vya ua lile lile ili kuongeza uzito, haiwezi kuonekana kwa DNA kamwe, kwa sababu kikonyo na uzi mwekundu ni mwili mmoja. Watu wa Pemba na Unguja wanalijua tatizo hili kwa karafuu. Makonyo yanatoka katika mti ule ule, yana mafuta yale yale yenye euginoli, na kiwanda cha serikali huyakamua kihalali. Yakisagwa pamoja na karafuu, kipimo cha vinasaba kitaapa kwamba ni karafuu tupu, nacho hakitakuwa kimesema uongo.

Kwa hiyo kuuliza kama DNA ni bora kuliko kemia ni kupoteza wakati. DNA hujibu kama kuna mgeni wa kimea ndani ya kisanduku. Kemia hujibu kama mwenyeji ana nguvu ya kutosha na kama ametiwa kitu kisicho mmea. Unga wa rangi ya machungwa ukishindwa kutoa DNA yoyote ya Crocus, na kromatografia ikaonyesha tatrazini, kesi imekwisha. Majibu hayo mawili pamoja yana uzito ambao moja peke yake halina. Tena DNA hugundua uwepo wa kitu kuliko kiasi chake. Katika duka ambalo kijiko kimoja hupita katika madebe kumi, chembe za manjano ndani ya zafarani zinaweza kuwa vumbi tu. Mahakama inayomhukumu mwenye duka kwa chembe hizo ingekuwa inatenda dhuluma, na ni kemia itakayosema kama kilichoingia ni vumbi au ni robo ya uzito.

Sasa turudi kwenye njia ya bidhaa. Kwa bidhaa nyingi zinazoagizwa kutoka nje, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, hutegemea utaratibu wa PVoC ulioanza mwaka 2005, ambapo mzigo hukaguliwa huko utokako na kupewa cheti kabla ya kusafirishwa. Kwa saruji au matairi, utaratibu huo una mantiki. Lakini zafarani ni nyepesi. Thamani ya gari zima inaingia katika sanduku la msafiri. Hata ile iliyopita njia rasmi huanza maisha mapya ikifika. Debe hufunguliwa, nyuzi hugawanywa katika visanduku vya gramu, visanduku huenda kwa wauzaji wa Gikomba, Mutindwa na Kariobangi, na cheti hubaki katika faili la mwagizaji. Kila mkono unaofungua una nafasi ya kuongeza kitu, na mlaji hana njia ya kujua ni mkono gani. Kumpima muuzaji wa mwisho ni kumpima mtu ambaye huenda naye amedanganywa. Kumpima mwagizaji bandarini ni kupima kitu ambacho bado hakijaguswa. Mahali penye maana ni katikati, kwa wauzaji wa jumla wanaofungua na kufunga upya. Eneo lao huko Eastleigh ni mitaa michache, na wanaofanya kazi hiyo wanajuana.

Kwamba kupima katikati ya njia kunaweza kubadilisha soko zima si nadharia. Nchini Bangladesh wasagaji wa manjano walizoea kung'arisha mizizi kwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Mwaka 2019, baada ya watafiti kuonyesha uhusiano kati ya manjano hayo na risasi katika damu ya akina mama wajawazito, mamlaka ya usalama wa chakula iliingia soko la jumla la Shyambazar mjini Dhaka na kifaa cha eksirei cha kushika mkononi, ambacho husoma madini ndani ya unga papo hapo. Wauzaji wawili wa jumla walitozwa faini hadharani, habari ikasambazwa, na wasagaji wakafuatwa. Sampuli za sokoni zenye risasi zilikuwa asilimia 47 mwaka 2019. Mwaka 2021 hazikupatikana kabisa. Tazama kilichofanya kazi pale. Kifaa hakikuwa cha hali ya juu kuliko vyote, hakikusoma vinasaba wala hakikupima krosini. Kiliwekwa mlangoni pa watu wachache ambao bidhaa nyingi zilipitia kwao, na majibu yake yakatangazwa.

Kuna pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu. Zafarani ni anasa. Mama wa Dandora anayehesabu shilingi za mafuta ya kupikia atafaidika nini na kromatografia ya kitu asichokinunua? Ningekubali kama suala lingekuwa nyuzi pekee. Lakini anayekula rangi kwa jina la zafarani ni yule anayenunua ya unga, na huyo hana pesa za kujikinga. Rangi ya chakula iliyoruhusiwa si sumu ikitumika kwa kiasi, na mpishi ana haki ya kuitumia akiwa anajua. Kosa huwa ni jina. Hatari kubwa inakuja pale unga huo usiojulikana ulikotoka unapokuwa na rangi zilizokusudiwa nguo au nta. Uingereza ilitikisika mwaka 2005 rangi ya Sudan I ilipogunduliwa katika pilipili iliyoingia mamia ya bidhaa, na mwaka 2023 mamia ya watoto wa Marekani waliathiriwa na risasi iliyoingia kwa mdalasini katika vifuko vya matufaha yaliyopondwa. Kadhalika maabara inayopima zafarani haipimi zafarani peke yake. Spektrofotomita, kromatografia na PCR zile zile zitapima pilau masala ya kusagwa, manjano na mdalasini, ambao sehemu kubwa yake katika masoko ya dunia ni kasia, yenye kumarini nyingi kuliko mdalasini halisi wa Sri Lanka.

Tena kuna matumizi ambayo wataalamu wa chakula huyasahau. Kwa Waislamu wengi wa pwani, na wa Majengo na Eastleigh pia, zafarani si ya chungu tu. Kombe huandikwa kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji au marashi, na mgonjwa akanywa. Sitaki kuingia katika mjadala wa mashehe kuhusu kombe. Wao wenyewe hawajaafikiana. Lakini kwa jicho la afya ya umma, wanywaji wake ni wagonjwa, watoto na wajawazito, na hunywa rangi yenyewe bila wali wa kuipunguza nguvu. Kama wino huo umetengenezwa kwa unga wa pakiti badala ya nyuzi, hao ndio wa kwanza kustahili kujua wanakunywa nini.

Pingamizi la pili husema kwamba mnunuzi mzoefu hahitaji maabara. Huchovya uzi katika maji ya uvuguvugu: ulio halisi hutoa umanjano taratibu na kubaki mwekundu, na uliotiwa rangi humwaga wekundu mara moja ukapauka. Kipimo hicho ni kizuri na ningependa kila jikoni kikijua. Hukamata wajanja wavivu. Hakisaidii kwa unga, hakioni nyuzi halisi zilizochanganywa na vikonyo vilivyotiwa rangi kwa ustadi, na hakisemi lolote kuhusu risasi. Isitoshe, hufanyika nyumbani, baada ya pesa kutoka mfukoni.

Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu: kwamba kipimo kitakuwa fimbo mpya ya kuwachapia wafanyabiashara. Eastleigh ina kumbukumbu ndefu ya misako ambayo ilianza kwa jina la sheria na kuishia kwa mfuko wa mkaguzi, na mfanyabiashara wa Kisomali akimwona afisa na kifaa atafikiria rushwa kabla ya sayansi. Historia ya karibuni haimpi sababu ya kufikiri vingine. Mwaka 2018, wakati wa misako ya sukari ya magendo, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i alitangaza kwamba sukari iliyonaswa ilikuwa na zebaki. Waziri mwenzake wa Viwanda, Adan Mohamed, akasema zebaki haikuwamo. Mwezi Agosti wabunge waliitupilia mbali ripoti ya kamati yao kuhusu sukari hiyo huku kukiwa na madai ya hongo ndani ya Bunge lenyewe. Wananchi walibaki na sukari yao wasijue wamwamini nani. Kemia haikushindwa pale. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuonyesha sampuli ilitoka gunia gani, nani aliifunga na nani aliipima. Dawa yake inajulikana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1875 kuhusu chakula na dawa iligawa sampuli mafungu matatu: moja la mchambuzi wa maabara, moja la muuzaji, na moja la kuhifadhiwa lifunguliwe pande mbili zikibishana. Mfanyabiashara mwenye fungu lake mkononi anaweza kulipeleka maabara nyingine, na mkaguzi anayejua hivyo hupungukiwa na ujasiri wa kutishia. Kwa zafarani, ambayo gramu chache zinatosha kwa vipimo vyote, utaratibu huo ni rahisi. Majibu yachapishwe kwa jina la mzigo hata pale mzigo ulipofaulu, kwa sababu muuzaji mwaminifu asipopata faida yoyote kwa kupimwa, atakuwa na kila sababu ya kukwepa.

Uwezo wa kitaalamu upo Nairobi. KEBS na Idara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hufanya uchambuzi wa kemikali kila siku. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilifungua maabara yake ya vinasaba vya kijinai mwaka 2015, na tangu hapo nyama isiyo na ngozi wala kwato inaweza kutajwa mahakamani kwa jina la mnyama wake. Hoja ya nyama iliyokatwa vipande na hoja ya nyuzi zilizokaushwa ni moja: kitu kilichopoteza umbo lake bado hubeba utambulisho. Tofauti ni kwamba tembo na twiga wana shirika la kuwasemea, na biriani haina.

Swali moja ningeliacha kando kwa sasa, la nchi ya asili. Zafarani ya La Mancha inalindwa kisheria Ulaya, ile ya Kashmir ilipata ulinzi wa jina la kijiografia India mwaka 2020, na wataalamu wanaweza kukisia mahali ua lilipoota kwa kupima isotopu za kaboni, haidrojeni na naitrojeni. Ni sayansi ya kuvutia. Lakini nyuzi za Iran zilizoandikwa Hispania hazimdhuru mlaji wa mtaa wa Umoja isipokuwa mfukoni, na anayelipia jina la mbali kwa kawaida ana uwezo wa kudai uthibitisho.

Ningeanza na unga, kabla ya nyuzi. Wiki chache kabla ya Ramadhani, wauzaji wa jumla wa Eastleigh wanapojaza stoo, maafisa wa afya ya umma wa kaunti wachukue sampuli kwa mafungu matatu. Kifaa cha eksirei kisome madini papo hapo, kromatografia itafute rangi zilizokatazwa, na PCR iachiwe mizigo inayodai kuwa zafarani halisi. Gharama itozwe waagizaji kwa uzito, kiasi ambacho kikigawanywa kwa visanduku vya gramu hakitaonekana katika bei, na orodha ya mizigo iliyopimwa ibandikwe misikitini na sokoni kabla mwezi haujaandama.